Mafua ya Uhakika: Mwongozo kwa Mkazi wa Kitomanga

Katika udhuru wote anaoweza kuutoa mtu mzima, mafua ndiyo yenye heshima. Malaria siku hizi inataka kipimo, na kipimo kina tabia ya kusema kweli mbele za watu. Tumbo halionekani. Mgongo hauaminiki, hasa mgongo wa kijana. Lakini mtu akiingia kwenye kikao cha chama cha msingi amejifunga mtandio shingoni, macho mekundu, sauti imekwama kooni, hakuna mwenyekiti atakayempangia zamu; watamwomba tu akae karibu na mlango. Ndiyo maana kuanzia Juni, msimu wa kupuliza mikorosho ukibisha hodi, watu wenye akili zao hapa Kitomanga huanza kuulizana mafua yanapatikana wapi.

Wengi wanadhani ni bwerere. Si bwerere. Virusi havina shida, vipo tele: basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara linaposimama barabarani linashusha abiria waliokoholeana tangu Mbagala, wakavuka Rufiji wakikohoa, wakala Nangurukuru wakikohoa. Virusi vya raino, vinavyoongoza kwa kuleta mafua ya kawaida, vina aina zaidi ya 160, kwa hiyo hata aliyeugua mwezi uliopita bado ana akiba. Kinachokwamisha shughuli ni pua. Inavirudisha virusi kwa mafungu, usiku na mchana, bila kukuomba ruhusa wala kukupa hesabu. Wapo waliosubiri mafua msimu mzima na wakaishia kupuliza shamba lote mpaka mpakani.

(Kirusi kinachojua mambo hakipiti puani kabisa. Chikungunya, maarufu kuliko vyote vilivyotoka huku Kusini kwetu, kilitambuliwa baada ya mlipuko wa 1952 katika nyanda za Makonde, upande wa Newala. Chenyewe hupanda mbu, kikaingizwa moja kwa moja ndani ya damu. Lakini hicho hakileti mafua, kinakukunja viungo hata udhuru wenyewe ushindwe kwenda kuutoa. Hatukipendekezi.)

Kabla ya kuishinda pua, ijue. Kila siku inapitisha takriban lita 10,000 za hewa, pamoja na vumbi la barabarani, moshi wa jikoni na chochote alichokohoa jirani. Kuta zake za ndani zimefunikwa kamasi, nalo lina tabaka mbili: zito la kunasa juu, na majimaji mepesi chini. Ndani ya majimaji hayo kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde, vyote kwa mwelekeo mmoja, kulisukuma kamasi nyuma kuelekea kooni. Mwendo ni wa milimita 6 hivi kwa dakika. Kirusi kilichotua mbele ya pua saa mbili kamili asubuhi, mpaka saa mbili na dakika ishirini kimeshamezwa, kikaangukia kwenye asidi ya tumbo. Ina maana tangu uamke umekula virusi na hata chai hujanywa.

Usidhani nakutania. Madaktari wa pua hutumia punje ya sakarini: wanaiweka ndani kidogo ya tundu la pua, wanatazama saa, wanasubiri mgonjwa aseme amesikia utamu kooni. Pua nzima huchukua chini ya nusu saa. Ukisikia utamu mapema, pole sana, safari yako ya kutafuta mafua itakuwa ndefu.

Kamasi nalo si ute mtupu. Limejaa protini ndefu ziitwazo musini, zilizopambwa vikonyo vya sukari vilevile ambavyo kirusi cha influenza hutafuta ili kujishikiza kwenye seli. Kirusi kinakuja mbio, kinaona sukari, kinakumbatia, kumbe kimekumbatia kamasi. Kimenasa kama chiriku kwenye ulimbo, na safari ya kooni imeanza. Influenza imelijua hilo zamani ikaja na kimeng'enya chake cha kukata vikonyo hivyo ijinasue, na ndicho kinachowakilishwa na herufi N katika majina ya H1N1 na wenzake. Yote haya ni kinga ya kuzaliwa nayo. Haihitaji chanjo wala kukutana na kirusi kabla. Mtoto wa jana anayo.

Sasa tuivunje.

Njia kongwe ni moshi. Kuni mbichi, mafiga matatu, jiko la udongo lisilo na dirisha, mlango umeegeshwa. Moshi hulegeza vijinywele, na kamasi lililosimama halimpeleki mtu kooni. Sigara nayo inafanya kazi hiyohiyo na unaweza kuibeba mfukoni. Ila hapa mwongozo una kasoro ambayo sijapata dawa yake: wanaotaka udhuru wanakaa nje chini ya mwembe, na wanaokaa ndani ya moshi ni wake zao. Mwanamke mwenye mafua Kitomanga hapewi udhuru. Anapewa pole, kisha anaulizwa chakula kimefika wapi.

Njia ya pili, salfa. Unga huu wa manjano hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani, ili kuzuia ubwiri unga usiunguze maua ya mkorosho. Ukiupuliza bila barakoa, ukiwa umesimama upande unakoelekea upepo, pua itawasha, macho yatatoka machozi, utapiga chafya mpaka nyani wakimbie. Watu hurudi nyumbani wamefurahi. Wasifurahi. Salfa ni kero kwa pua, lakini haijawahi kubeba kirusi. Ukioga na kupumzika, mafua yako bandia yatakwisha kabla ya adhuhuri. Tena kuna utata wa kimantiki: aliyekwenda kupuliza ili apate mafua ya kumwepusha na kupuliza, ameshapuliza.

Baridi ni habari nyingine, na hapa bibi zetu wana pa kusimama. Virusi vya raino vinapenda nyuzi 33, joto la ndani ya pua, kuliko nyuzi 37 za ndani ya mwili. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, Uingereza, walichukua watu 180, nusu yao wakatumbukiza miguu katika maji ya nyuzi 10 kwa dakika 20. Siku chache zilizofuata, asilimia 29 ya walioloweka miguu walisema wana dalili za mafua, na wasioloweka asilimia 9. Hawakupimwa virusi, walisema tu wenyewe. Lakini kwa shabaha yetu, kusema ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2022 wengine wa Boston wakaonyesha kwamba seli za pua zikinusa hatari humwaga vifuko vidogo mno, kwa mabilioni, vinavyotangulia mbele na kukigandama kirusi kabla hakijaifikia seli. Pua ikipoa kwa nyuzi 5, vifuko hivyo vinapungua kwa asilimia 42.

Habari njema, isipokuwa Wamarekani hao waliipoza pua kwa kumweka mtu katika hewa ya nyuzi 4. Kipupwe cha Kitomanga, hata kusi livume vipi, hakikufikishi huko. Kisima pia hakitakupa maji ya nyuzi 10. Itabidi umwombe mchuuzi wa samaki wa Mchinga akukodishie ndoo yake ya barafu, na changu wahamishwe kwanza.

Kidole ni rahisi zaidi, hakina gharama. Watumishi wa hospitali wa Amsterdam waliulizwa kama wana tabia ya kuchokonoa pua. Kati ya waliokubali, asilimia 17 walikuwa wamepata UVIKO-19, dhidi ya asilimia 6 ya waliokana. Shika nguzo ya basi, kisha pandisha kidole. Usinawe katikati.

Na kukesha. Watu 164 wa Marekani waliwekewa kirusi cha raino puani baada ya usingizi wao kupimwa kwa wiki nzima. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Msimu wetu wa ngoma za jando na unyago unaangukia kwenye kipupwe hichohicho, kwa hiyo katika hili mila imeshakupangia ratiba. Kesha siku tatu mfululizo, cheza kwenye vumbi, nywea kikombe kimoja na binamu aliyekuja kutoka Dar.

Sasa tuzungumze kuhusu sainasi, ambako wengi wanaangushwa bila kujua. Ni nafasi tupu ndani ya mifupa ya uso, mashavuni, kwenye paji na katikati ya macho, zinazofunguka puani kwa vitundu vyembamba. Ile ya shavuni tundu lake liko juu, si chini, kwa hiyo vijinywele vya humo vinapandisha kamasi mlima maisha yako yote. Mwaka 1995 watafiti wa Karolinska, Uswidi, waligundua kwamba sainasi hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi kwa wingi wa kushangaza. Gesi hiyo maabarani inazuia virusi kadhaa visizaliane na inavichangamsha vijinywele. Ikikaa humo ndani haileti shida. Shida ni pale inapotoka, na mwaka 2002 baadhi yao walipima ikaonekana kwamba mtu akivumisha sauti kwa kufumba mdomo, mmm, gesi inayotoka puani inaongezeka mara 15 kuliko anapopumua kimya.

Hakuna aliyethibitisha kwamba kuvumisha kunazuia mafua. Lakini wewe una lengo, usibahatishe. Acha kuguna kwa kukubali wakati mjomba anaposimulia. Kataa kumbembeleza mtoto. Wale wanaohudhuria darasa la tajwidi wana mtihani mkubwa, maana mwalimu akisikia ghuna imekatwa kabla ya wakati anarudisha aya nzima, na siko tayari kumwandikia yeyote ushauri wa kubishana na mwalimu huyo.

Mtihani mwingine ni udhu. Mkazi wa kawaida wa Kitomanga hupandisha maji puani na kuyapenga mara tatu, na hurudia kabla ya swala zake. Nia ya udhu si mafua, na maji ya kisima si dawa, ila mtaka mafua hana budi kulitazama jambo hili kwa wasiwasi, hasa akisikia ya Edinburgh. Huko, katika jaribio dogo lililochapishwa 2019, wenye mafua waliosafisha pua na kusukutua kwa maji ya chumvi ya bahari walipona karibu siku 2 mapema kuliko wasiofanya hivyo. Inaelekea seli huichukua kloridi ya ile chumvi na kutengenezea asidi ya kuulia virusi. Chumvi ya bahari! Pwani nzima ya Kilwa na Lindi ina mashamba yake, magunia yamepangwa. Bahati nzuri yote inaishia kwenye ng'onda. Isitoke siri, na hasa usimwambie mtu kwamba maji yenyewe yachemshwe kwanza yakapoa.

Tuchukulie umefuzu. Moshi, barafu, kidole, kukesha, na kirusi kimoja kimepenya mpaka ndani ya seli. Usipige vigelegele. Seli inavisoma vinasaba vilivyoingia, inajua si vyake, na inatoa protini iitwayo intaferoni. Iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waliokuwa wakishangaa kwa nini kirusi kikitangulia kwenye utando wa yai la kuku, cha pili kinachofuata kinakataa kuota. Seli jirani zikiinusa intaferoni zinajifunga: zinatengeneza zana za kukata vinasaba vya kirusi na kusimamisha kiwanda chake. Mara nyingi mambo yanaishia hapo. Hukupiga hata chafya moja.

Mfano mchungu uko Kilifi, pwani hiihii, upande wa Kenya. Kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010 watafiti walizifuata kaya 47 za vijijini, watu 493, wakiwachukua sampuli za puani mara mbili kwa wiki, mgonjwa na mzima. Sampuli karibu 17,000. Walikuwa wakitafuta RSV, kirusi kinachowatesa watoto wachanga mapafu, na walichokuta ni kwamba takriban nne katika kila maambukizi kumi hayakuwa na dalili yoyote. Fikiria hasara hiyo: kirusi unacho, umekihangaikia, na huna cha kumwonyesha mwenyekiti. Utafiti huohuo unatoa dondoo moja ya kukutia moyo. Aliyekiingiza kirusi nyumbani, mara nyingi, alikuwa mtoto mkubwa, hasa anayesoma shule. Kama umeshindwa kila njia, azima mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwekee kitanda chumbani kwako.

Ikitokea siku ile kubwa ikafika, ukaamka umeziba pua, kamasi linatiririka, chafya hazikatiki, utasema kirusi kimeshinda. Raino hakina nguvu hizo. Kuziba ni mishipa ya damu iliyovimba ili seli nyeupe zifike. Kamasi ni pua imeongeza uzalishaji. Chafya ni pua inafagia. Karibu kila kitu unachokiita ugonjwa ni pua iko kazini, na kazi ikiendelea namna hiyo utapona kati ya siku ya 7 na ya 10, umepaka nini, umekunywa nini, hapana tofauti kubwa. Kwa hiyo aliyehangaika kuyapata mafua anapaswa kuhangaika kuyatunza.

Anza kwa kuibana chafya. Ziba pua, fumba mdomo, msukumo urudi ndani. Mwanamume mmoja wa miaka 34 wa Leicester, Uingereza, alifanya hivyo, akapasuka koo kwa ndani na kulazwa hospitali. Kisa chake kiliandikwa 2018 na madaktari waliomtibu. Udhuru wake hakuna aliyeutilia shaka.

Kisha nenda duka la dawa.

"Shikamoo mama. Nipe amoksilini."

"Marahaba. Za ngapi?"

"Za elfu moja. Kamasi limekuwa la kijani."

Hapa unapaswa kuushikilia uso wako usicheke. Ukijani huo ni seli nyeupe za damu zilizokufia puani, zenye kimeng'enya chenye chuma ambacho rangi yake halisi ni kijani. Unajitokeza katika mafua ya kawaida bila bakteria yeyote kuhusika, na amoksilini haijawahi kuua kirusi. Ni mafua machache sana, mawili katika mia au pungufu, yanayogeuka kuwa maambukizi ya bakteria kwenye sainasi, na yale hujitambulisha kwa kuzidi siku 10 au kwa kupungua halafu kurudi na homa na maumivu ya uso. Vidonge vya elfu moja, tena vya siku mbili, vitawaua bakteria wema na kuwafundisha wabaya. Havitakuponya, na ndicho tunachotaka. (Alexander Fleming, kabla hata ya kuipata penisilini, aliotesha kamasi lake mwenyewe akiwa na mafua na kulikuta likiyeyusha bakteria. Aliita kitu hicho lisozaimu, akakichapisha 1922. Kamasi lilikuwa na dawa yake ya bakteria kabla ya duka.)

Kuhusu nyungu, majani ya mpera, mchaichai na mwarobaini chini ya blanketi, nitasema kwa uangalifu, maana mwaka 2020 na 2021 ilipanda cheo, viongozi wakaihimiza na Muhimbili wakaiwekea mahali pake. Wanasayansi wa Uingereza walichapisha 1989 kwamba hewa yenye unyevu ya nyuzi 43 iliwapa wagonjwa wa mafua nafuu. Wamarekani wakarudia baadaye, wasione faida. Inafungua pua kwa muda na inafariji, hilo kila aliyetoka chini ya blanketi anakubali. Ila sufuria inayochemka katikati ya magoti imewaunguza watu, watoto hasa, na kidonda cha moto ni udhuru wa aina nyingine.

Limebaki onyo moja kwa walafi, wale wanaotaka mafua ya kawaida na influenza kwa mpigo ili wavuke msimu wote wa salfa bila kuamka alfajiri. Intaferoni iliyoamshwa na raino haichagui. Ikishafunga seli, influenza inayokuja nyuma nayo inakuta pamefungwa. Inadhaniwa ndiyo sababu vuli ya 2009, mafua ya H1N1 yalipoenea duniani, Ufaransa na Uswidi yalijikokota wakati raino ilipokuwa imetangulia puani mwa watu. Huwezi kuvipata vyote wiki moja. Chukua raino Juni, maua ya kwanza yanapochanua, ugua siku zako saba mpaka kumi, na influenza iandikie Agosti.